Nilimchafulia Fundi Jina, Kumbe Aliyevujisha Oili Ni Mimi

Makosa ni yangu. Naanza hapo hapo ili nisipate nafasi ya kukata kona huko mbele, maana najijua. Mimi ni mtu wa kujitetea hata nikikukanyaga mguu. Nitakuuliza mbona mguu wako ulikuwa hapo.

Nafundisha fizikia katika shule moja ya upili hapa Meru, upande wa Kaaga. Sitasema ni gani. Shule zimejaa huku, na walimu wa fizikia wenye vitambi ni wengi. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Gari lililoniletea haya yote lilikuwa dogo la saluni, jeupe, kuukuu, kiasi kwamba mwalimu mwenzangu aliyeajiriwa juzi alizaliwa likiwa tayari barabarani. Nililipenda, jameni! Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu la kwanza. La pili ni kwamba mtu anayefundisha presha ubaoni hudhani anaijua pia ikiwa ndani ya injini.

Kwa miaka mingi gari hilo lilikuwa mikononi mwa Kirimi. Alikuwa na gereji yake ya mabati kando ya barabara kule Kiirua, na tulikuwa tukiimba naye kwaya. Yeye sauti ya tatu, mimi besi. Si mtu wa maneno mengi. Ukimwuliza gari lina nini, atapangusa mikono, atalisikiliza, halafu atasema, "Bado sijajua."

Neno hilo lilinikera! Fundi gani hajui?

Mwanzoni mwa mwaka alinibadilishia gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Ile ya zamani ilikuwa imekauka ikapasuka, oili ikawa inatoka pembeni. Alipomaliza akaniambia, "Mwalimu, acha nioshe injini. Kuna oili ya zamani imeshikana huku kando. Siku ikivuja tena, hatutajua ni mpya au ni hiyo."

Nikakataa. Nilimwambia maji yataingia kwenye nyaya. Ukweli ni kwamba kulikuwa na mpira kwenye runinga na sikutaka kukosa kipindi cha kwanza.

Wiki chache baadaye muda wa kubadilisha oili ukafika. Nikajiuliza, Kirimi wa nini? Nilikuwa nimetazama video tatu kwenye simu. Tatu! Katika moja, jamaa mwenye ndevu alibadilisha oili na filta akiwa amevaa shati jeupe, na halikupata hata tone. Nikasema, sembuse mimi mwenye digrii?

Jumamosi asubuhi nikainua gari kwa jeki, nikaweka mawe, nikachukua karai ya mke wangu Kanana, ile ya kufulia nguo, nikaingia chini. Nilipofungua nati ya sampu, lile bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini, oili moto ilinimwagikia mkono wote hadi kwapani. Wueh! Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakahama.

Filta, lile kopo linalochuja oili, ilikataa kutoka. Niliibembeleza, nikaitukana, mwishowe nikaidunga bisibisi na kuizungusha nayo, kama nilivyoona katika video ya pili. Ikatoka. Nikafunga mpya, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikamimina oili, nikawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa!

Nilitoka pale nikitembea kama daktari wa upasuaji. Kanana alikuwa akianika nguo. Aliitazama karai yake, akanitazama mimi, akaendelea kuanika.

Siku kama kumi zikapita. Kisha doa.

La kwanza lilikuwa dogo kama sarafu. La pili kama kisahani. La tatu lilikuwa kubwa hata mwalimu mkuu akamtuma bawabu aniambie nitafute pahali pengine pa kuegesha, maana shule ilikuwa imetandaza matofali mapya uwanjani na hakutaka ramani.

Nikafungua boneti. Nikaona nini? Oili! Imeshikana kando ya injini, chini tu ya kile kifuniko alichokigusa Kirimi. Kesi ikaisha hapo. Hakimu mimi, shahidi mimi, karani mimi.

Kesho yake nilienda Kiirua nikiwa na hasira ya mtu mwenye haki.

"Kirimi, hii ni kazi gani? Gasketi yako inavuja!"

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko, akanionyesha. "Hapa juu ni pakavu, Mwalimu."

"Pakavu? Na hii nyeusi ni nini, chai?"

"Hiyo ni ile ya zamani niliyotaka kuosha. Wacha tuioshe sasa. Ikikauka nitapaka poda ya watoto pande zote, tuwashe, tungoje. Oili ikitoka itachora njia yake kwenye poda. Unajua oili huteremka, halafu upepo huisukuma nyuma. Pale unapoiona si lazima iwe ndipo ilipotokea."

Poda ya watoto! Nilicheka kwa sauti. Nilimwuliza kama atalivalisha na nepi. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka pamoja nami, nikavimba kichwa.

Kirimi hakucheka. Aliuliza kwa upole, "Kuna mtu mwingine ameigusa injini tangu nilipoifanya?"

Ndugu yangu unayesoma, hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Nilihitaji maneno manne tu: nilibadilisha oili mimi mwenyewe. Manne!

Nikasema, "Hakuna."

Ningependa kukuambia sijui kwa nini. Najua vizuri. Niliona aibu kwamba nilimkwepa, na niliogopa kusikia kwamba nimeharibu. Basi nikachagua aharibu yeye.

Jioni hiyo, bado nikiwa na moto, nikaandika kwenye grupu ya simu ya kanisa: "Wapendwa, bila kutaja jina, tuwe macho na fundi fulani wa Kiirua anayeimba sauti ya tatu. Anaharibu gari lako, kisha anataka kulipaka poda." Nikaongeza picha ya doa.

Bila kutaja jina! Walioimba sauti ya tatu walikuwa watatu, na wawili kati yao hawajawahi kushika spana.

Ujumbe ulienda kama moto wa nyasi kavu. Unajua watu walivyo: mmoja akisema amekosewa, kila mtu anakumbuka alivyokosewa. Kuna aliyekumbuka kwamba taa ya gari lake iliungua baada ya Kirimi kumtengenezea breki. Breki na taa, wapi na wapi! Lakini niliweka alama ya dole gumba. Basi dogo la kanisa, ambalo Kirimi alikuwa akilishughulikia miaka yote, likapelekwa kwa fundi mwingine. Mama mwenye pikapu ya viazi akamhama. Wengine wakafuata.

Kirimi aliusoma ule ujumbe. Hakujibu. Jumapili ile alikuja akaimba, akasimama pale pale pembeni yangu, na nikaona mikono yake ikishika kitabu cha nyimbo kama inashika kitu kinachotaka kuanguka. Jumapili iliyofuata hakuja.

Kabla ya miezi miwili kuisha nikasikia gereji imefungwa, na kwamba ameenda Laare kutengeneza pikapu za kubeba miraa. Unajua nilijiambia nini? Kwamba kama hangekuwa na hatia, si angejitetea?

Gari nalo likaendelea kuvuja. Mimi nikaendelea na matibabu! Nilinunua silikoni ya kuzibia nikakipaka kile kifuniko cha juu mpaka injini ikafanana na keki ya harusi. Doa likazidi. Nikapaka tena. Nikaanza kutembea na dumu la oili kwenye buti, nikiongeza kila wiki. Mtu akiniuliza, nilijibu, "Ni kazi mbaya ya fundi mmoja."

Ndipo ikaja safari ya Embu.

Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa amepata mchumba karibu na Runyenjes, na siku ya mazungumzo ya mahari ikapangwa. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wetu. Nilinunua tai mpya. Kijana na jamaa wengine walitangulia kwa basi la kukodi. Mimi nilimbeba Kanana, na nyuma akakaa baba yangu mdogo, Mzee M'Ikiara, na suti yake ya kijivu na fimbo kati ya magoti.

Tulipita Nkubu, tukapita Chuka, nikiwa nafanya mazoezi ya hotuba kwa sauti. Tulipoanza kupanda mlima mmoja, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi.

"Hiyo taa ni ya nini?" Kanana akauliza.

"Ni sensa tu. Magari ya zamani hupenda kuwasha-washa taa."

Mzee akasema kutoka nyuma, "Kama ni ya bure, mbona waliiweka?"

Nikaendelea. Kilomita moja, mbili. Injini ikaanza kelele, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Unajua nilichofanya? Niliongeza sauti ya redio! Haki ya Mungu, mwalimu wa fizikia mzima!

Kisha harufu ya kuungua. Kisha kishindo kimoja. Kisha kimya, redio peke yake ikiimba.

Tukasimama katikati ya mlima, mashamba ya kahawa huku na huku. Niliposhuka niliona mstari mweusi wa oili umetufuata barabarani tangu chini ya mlima. Mzee aliunyoshea fimbo. "Sensa imemwagika," akasema.

Tukapiga simu. Wakwe wakamtuma shangazi wa bibi harusi aje atuvute kwa pikapu yake. Anaitwa Wawira, ana gereji yake mwenyewe Runyenjes. Alishuka akiwa na gauni la kanisani, amelifunika kwa koti la kazi. Akafunga kamba kwa haraka, akawaomba Mzee na Kanana wapande mbele kwake, akaniambia, "Wewe kaa kwa usukani, Mwalimu, uangalie usinigonge."

Wanawake wa upande wa pili walikuwa wamejipanga langoni kutupokea kwa wimbo. Walipoona msemaji wa bwana harusi akiingia akivutwa kwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa dipu kuogeshwa, wimbo ukakatika. Mmoja alijaribu kuuanzisha upya. Akashindwa, akaziba mdomo kwa leso.

Aibu hiyo ingetosha. Haikutosha!

Chai ikitolewa, Wawira akasema, "Acha nitazame kidogo, mjue kama ni gari la kutengenezwa au la kuacha." Wanaume wa pande zote mbili wakazunguka, vikombe mkononi. Nani hataki kuona injini ikifunguliwa?

Alikwangua silikoni yangu kwa ukucha. "Huku juu mmeoka nini? Hapa hapajavuja hata kidogo." Akatandika gunia, akaingia chini. Tukasikia akipangusa kwa kitambaa. Tukasikia, "Ngai!" Alipotoka, mkono mmoja ulikuwa na filta. Mkono wa pili ulikuwa na mpira mweusi wa mviringo, umepindika kama mnyoo.

"Filta mpya huja na mpira wake," akasema, akiinua juu ili wote waone. "Mtu alipotoa filta ya zamani, mpira wake ulibaki umeng'ang'ania injini. Hakuangalia. Akafunga mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Hiyo haishiki. Huvuja polepole, halafu siku ya mlima, presha ikipanda, mpira unasukumwa nje na oili yote inaisha." Akageuka kwangu. "Nani alifunga hii filta?"

Nasema ukweli wangu wote hapa, ndiyo maana sijaandika jina. Watu wote walikuwa wananitazama. Wakwe, kijana wetu, Mzee. Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Ni fundi wetu wa Kiirua. Anaitwa Kirimi."

Mara ya pili! Mbele ya mpira wenyewe!

Kanana akaweka kikombe chake juu ya meza. Hakupaza sauti. "Baba Mwenda," akaniita, "karai yangu ina oili hadi leo. Kirimi hajawahi kuigusa hiyo filta. Uliifunga wewe, Jumamosi, nikiwa naanika nguo."

Kijana mmoja wa upande wa wakwe ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. Mimi nami nikacheka, kicheko cha mbuzi aliyeona kisu.

Mzee M'Ikiara hakucheka. Akauliza, "Huyo Kirimi ndiye yule niliyesikia amefunga gereji kwa sababu ya maneno yako?"

"Ndiye, Baba."

"Basi leo hatuna msemaji," akasema. "Siwezi kumpa mtu wa namna hii mdomo wetu katika nyumba ya watu." Akajifuta suti, akaingia ndani, akazungumza yeye mwenyewe. Alizungumza vizuri sana. Mimi nilikaa nyuma, karibu na sufuria za mukimo, nikiwa na tai yangu mpya, nikipitisha sahani.

Mambo ya kijana yalienda sawa, Mungu ni mwema. Lakini kule Runyenjes sina jina lingine mpaka sasa. Mimi ni Mpira-juu-ya-Mpira. Hata siku ya harusi, mtangazaji alinikaribisha hivyo kwenye maikrofoni.

Tulirudi Meru kwa basi la kukodi, gari nikaliacha kwa Wawira. Kanana alikaa akitazama nje ya dirisha hadi tulipokaribia Nkubu.

"Nilijua tangu ile siku ulipoandika kwenye grupu," akasema. "Nilingoja useme mwenyewe. Nilifikiri ni heshima kukungoja. Kumbe nilikuwa nakusaidia kumwua mtu."

Nimeoa miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akilia bila kutaka nijue.

Wiki iliyofuata nilienda Laare. Soko lilikuwa limejaa, wanaume wakifunga miraa kwa majani ya ndizi, pikipiki zikipiga honi, kila mtu ana haraka. Nilimwuliza mmoja kama anamjua fundi mgeni kutoka Kiirua. Akanielekeza kwenye pikapu moja iliyoinuliwa. Niliona miguu tu imetokeza chini yake.

"Kirimi, ni mimi."

"Nimesikia." Spana ikaendelea kugonga.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba, mnanijua. Ikapotea yote. Nikachuchumaa pale kwenye matope na suruali yangu ya shule. "Nilikudanganya. Filta niliifunga mimi. Mpira wa zamani ulibaki, sikuangalia."

Spana ikanyamaza. Akateleza nje, akaketi, akanitazama. Nilijua atanipiga, na nilikuwa nimeamua sitakwepa.

"Na injini?" akauliza.

"Imekufa."

Akatikisa kichwa polepole. "Ilikuwa injini nzuri," akasema, na niliona amesikitika kweli. Nilikuwa nimemharibia kazi, jina na kwaya, na yeye anaihurumia injini! Ndipo machozi yakanitoka, katikati ya soko, watu wakipita na mafurushi ya miraa wakinitazama.

Alingoja nimalize. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto wangu aliulizwa darasani kama ni kweli baba yake huharibu magari ya watu makusudi. Hukuja kunisema Laare. Sasa mbona msamaha unauleta Laare, ambapo hakuna aliyesikia? Rudi useme pale pale uliposemea."

Akarudi chini ya pikapu.

Nilirudi nikaandika. Mara ya kwanza niliandika kwamba "kulitokea kutoelewana." Kanana akasoma, akauliza, "Kutoelewana kwa nani na nani?" Nikafuta. Mara ya pili niliweka maneno mengi kuhusu jinsi filta ilivyo vigumu kuiona. Nikafuta. Mwishowe nikaandika: "Nilidanganya. Kirimi hakuharibu gari langu. Nililiharibu mimi, nikamsingizia. Nisameheni, na mrudishieni jina lake." Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama mbele nikayasema tena kwa mdomo. Wengine walicheka. Wengi walitazama viatu vyao, maana hata wao walikuwa wameongeza chumvi.

Wazee wa kanisa walienda Laare kumwomba arudi. Aliwanunulia chai, akawaambia harudi. Kazi anayo, na watu wa huko hawajawahi kumtilia shaka. Mimi alinitumia ujumbe wa neno moja: "Nimeona."

Hatujawa marafiki tena. Tukikutana mjini anasalimia, "Habari, Mwalimu," na anapita. Mtu akisema wakati huponya kila kitu, mwambie alete ushahidi.

Gari liliuzwa vipande vipande. Sasa natembea kwa miguu kwenda shule, na wanafunzi wa kidato cha pili wakinipita hupiga honi kwa midomo.

Basi sikia, wewe mwenye gari la zamani. Likianza kuvuja, lioshe kwanza kabla hujasema ni wapi. Ukifungua filta, pitisha kidole pale ilipokuwa, hakikisha mpira wa zamani umetoka nayo. Taa ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama ni mbele ya wakwe, hata kama una tai mpya!

Na wewe usiye na gari pia, usidhani umeponea. Kama kuna mtu aliyefunga kazi yake kwa sababu ya kitu ulichokisema ukijua si kweli, usijifariji kwamba amepata riziki kwingine. Mtafute ukamwambie, kisha urudi ukawaambie wale waliokusikia. Mimi nilichelewa miezi mitano. Wewe nenda leo, kabla hajajifunza kuishi vizuri bila wewe.